Mvua Iliyopanda Juu

Kama kuna mtu Tukuyu nzima aliyejua kutazama video ya muziki, basi ni Ikupa. Wengine walitazama msanii kavaa nini, gari ni la nani, na yule dada anayekata kiuno ana mwenyewe au bado. Ikupa alimtazama mtu asiyeonekana. Alitaka kujua nani kashika kamera, kwa nini kasimama pale na si hapa, na lile jua lililompiga msanii shavuni limepatikana kwa bahati au limesubiriwa tangu asubuhi. Katika kibanda chake pale mtaani Bulyaga, alikokuwa akiwaingizia watu nyimbo na video kwenye memori za simu, ungeweza kumwekea video yoyote mpya, umfiche jina la msanii, naye akakutajia aliyeiongoza.

"Huyu ni yule wa Mbeya anayependa vioo," angesema. Au: "Huyu wa Dar hakati picha hata mara moja, anamfuata msanii mlango kwa mlango mpaka wimbo unaisha. Ana roho ngumu." Wateja walimcheka. Walisema binti wa marehemu Mzee Amoni kasomea ualimu, kakosa ajira, sasa anafundisha televisheni.

Si ajabu basi kwamba alipopenda, alimpenda mwongozaji. Zubery alizaliwa Tukuyu kama yeye, ingawa ukoo wao ulitoka pwani zamani na bado waliitwa watu wa pwani. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma katika duka la ushonaji la baba yake mdogo, Mzee Sadalla. Alirekodi harusi, kipaimara, mahafali na misiba, na usiku aliota kurekodi muziki. Alikuwa na macho ya pole yanayokaa juu ya kitu muda mrefu kabla ya kusema neno. Macho hayo ndiyo yaliyommaliza Ikupa.

Mama yake, Mama Atuganile, alikataa kwa mwaka mzima. Kijana si wa kanisani, alisema, na kazi yake ni kupiga picha vilio vya watu. Ikupa alibembeleza, akanuna, akarudisha chakula jikoni bila kukigusa, mpaka mama akachoka. "Waje na posa yao," alisema mwishowe. "Jumapili, baada ya ibada. Niwaone wakiwa wamekaa." Jumapili hiyo ilikuwa kesho. Ikupa alikuwa afunge kibanda mapema, aende nyumbani Kisiba kumsaidia mama kuandaa, na moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alimpunguzia kila mteja bei.

Ndipo alipoingia Hezron, kijana wa bodaboda aliyehamia kutoka Kyela, mgeni asiyejua bado ni nani mtoto wa nani.

"Dada Ikupa, niwekee ile ya Prosper."

"Ipi?"

"Wewe ndiye wa kuuliza ipi? Imetoka jana. Ile mvua inapanda juu."

Ikupa hakuwa ameiona. Tangu juzi alikuwa kwenye mishemishe za wageni. Aliitafuta, akaigeuza kompyuta kidogo ili naye aitazame, kama ilivyokuwa desturi yake.

Ilianza na matone. Yalitoka ardhini kwenye tope, yakakusanyika, yakapaa mbinguni moja moja, na migomba ikayaachia kama inayapa ruhusa. Ikupa alisogeza kiti. Miguu ya watu ilipita ikirudi nyuma, na kila unyayo uliokuwa kwenye tope ulifutika mguu ulipoukanyaga. Katikati ya miguu hiyo Prosper alikuja akitembea mbele, peke yake, akiimba kumwomba mpenzi wake arudi, na midomo yake ilienda sawasawa na wimbo.

"Kajifunza kuimba kinyumenyume," Ikupa alinong'ona. "Wamerekodi, wakageuza." Kisha akakaza macho kwenye ukingo wa bega la msanii. "Hapana. Kapachikwa. Kapigwa mbele ya kitambaa cha kijani akaingizwa. Lakini tazama alivyomlinganisha mwanga na mvua. Huyu mtu ana akili, Hezron. Huyu simjui."

"Subiri sasa, subiri hapa."

Lundo la udongo lilionekana. Udongo ukaruka wenyewe kwenye machepe ya wanaume, chepe kwa chepe, wakaupeleka pembeni na kuulaza. Shada la maua liliinuka likaingia mikononi mwa msichana mdogo. Ikupa alikuwa ameweka mkono mdomoni kwa raha. Katika maisha yake yote ya kutazama video hakuwahi kuona huzuni ikionyeshwa namna ile, bila mtu kulia mbele ya kamera, bila gari wala glasi ya mvinyo. Alimwonea wivu aliyeiwaza. Akafikiri: kesho nitamwonyesha Zubery, aone wenzake wanavyofanya.

Halafu kamera ilipanda juu, kukaonekana nyumba, na mbele ya nyumba mwanamke alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope. Tope likamtoka kwenye khanga. Akainuka kwa mgongo, kama anayevutwa, wanawake wawili wakimwachia mikono, na uso wake uliokuwa umepasuka kwa kilio ukajikusanya taratibu mpaka ukawa uso wa mtu anayesikiliza.

"Huyo mama apewe tuzo," alisema Hezron. "Kaigiza mpaka basi."

Nyumba ilikuwa ya kina Ikupa. Migomba ilikuwa ile baba aliyoipanda. Mwanamke alikuwa mama yake. Na sasa, kutoka shimoni, kamba zikivutwa na mikono ya wajomba zake, jeneza la Mzee Amoni lilikuwa linapanda.

Aliitazama mpaka mwisho kwa sababu hakujua kufanya lingine. Alijiona mwenyewe, amevaa gauni jeusi la kuazima, machozi yakimpanda mashavuni na kuingia machoni. Wimbo ulikwisha. Maandishi yakaja meupe juu ya uwanja mtupu: Mwongozaji, Zubery. Na chini yake: Kwa Ikupa.

"Dada, kumbe huyo Ikupa ndiye wewe?" Hezron aliuliza.

"Toka nje kidogo, Hezron. Nataka kufunga."

*

Kutoka kibandani mpaka kwa Mzee Sadalla si mbali, lakini Ikupa alifika anahema. Mzee hakuwepo barazani. Alikuwa ameenda kuulizia gari la kesho. Bi Biubwa, mama yake Zubery, alikuwa amekaa kwenye mkeka akikunja vitenge vipya, akamtazama Ikupa kwa furaha ya mtu aliyekutwa na siri nzuri mkononi.

"Jamani, bibi harusi haji nyumbani siku kama ya leo," alimtania. "Ungetuacha tujifiche na vitu vyetu."

"Shikamoo mama. Zubery yupo?"

"Marahaba. Yumo humo, simu haimwachi tangu jana. Kuna nini, mwanangu, mbona umepauka?"

"Hakuna kitu, mama."

Zubery alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu sikioni, anacheka. Alipomwona alikata maneno ya mtu wa upande wa pili, akaweka simu mezani, akafungua mikono. Ikupa alibaki mlangoni.

"Umeiona," Zubery alisema. Mikono ilishuka kidogo. "Nilitaka tuitazame wote kesho, baada ya wazee. Nani kakuonyesha?"

"Mteja. Kaniambia mama yangu apewe tuzo."

Yale macho ya Zubery yakamkalia.

"Kaa kwanza," alisema.

"Sikuja kukaa. Nimekuja unieleze. Yale ni mazishi ya baba yangu, Zubery. Familia ilikuita urekodi ili shangazi zetu walio mbali waone. Nani alikuambia umpachike Prosper katikati?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Hukumbuki? Ulipokuja kuchukua ile rekodi. Ulikaa hapa hapa. Nilikuwa narudisha nyuma kutafuta mahali pa kukata, jeneza likapanda, ukanishika mkono ukasema, rudisha tena. Nikarudisha. Ukasema tena. Tukakaa mpaka jua linazama. Ikupa, sijawahi kuona mtu anatazama picha vile. Ulikuwa unatabasamu na unalia. Siku ile ndiyo niliyokupenda, na siku ile ndiyo nilijua nikipata msanii mwenye wimbo wa kutosha, hicho ndicho nitakachofanya."

Ikupa alikumbuka, tena vizuri kupita Zubery mwenyewe. Alikumbuka chai ya tangawizi aliyomletea bila kuulizwa, na jinsi alivyozima simu yake ili asisumbuliwe. Alikumbuka mkono wake ukirudisha picha bila kuchoka, kama mtu anayembembeleza mtoto. Hakuna aliyewahi kumhurumia namna ile, hata kanisani.

"Ulisema haitatoka humu ndani," alisema. "Nilikuomba, ukasema, hii ni yetu wawili."

"Nilisema."

"Basi?"

"Ikawa nzuri mno." Zubery alisema hivyo kwa sauti ndogo, na ubaya ni kwamba alisema kweli. "Ungeniambia nini, Ikupa? Mwaka wa ngapi nakata picha za keki za harusi za watu? Narekodi mjomba anatoa jagi, shangazi anatoa blanketi. Hakuna anayeuliza nani karekodi. Wewe tu. Wewe peke yako mji mzima ndiye unayejua kazi hii ni kazi. Nilitaka siku moja ukae kwenye kibanda chako, itokee video, useme, huyu ana akili, ni nani huyu. Halafu uone jina langu."

Ikupa aliegemea mlango. Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, na hilo lilimchoma kuliko uongo wowote.

"Nilisema," alimjibu. "Kabla sijamwona mama. Nilisema hivyo hivyo."

Uso wa Zubery uling'aa. Hakuweza kujizuia, maskini. Akasogea hatua moja.

"Kweli ulisema?"

"Usifurahi, Zubery. Nakuomba usifurahi."

Zubery akasimama pale pale.

"Itoe," Ikupa alisema. "Chaneli ni yako, neno la siri unalo wewe. Itoe sasa hivi, nikiona. Wengine walioinakili siwezi kuwafuata, lakini nikifika Kisiba nataka nimwambie mama kwamba mwenyewe ameitoa. Shangazi Tulinagwe ataiona leo au keshaiona, watoto wa kijijini kwake Matwebe wote wana simu. Na jina langu limeandikwa pale chini kama sahihi. Wataamini nilikupa ruhusa."

Zubery alikaa kwenye kiti chake. Aliifungua kompyuta. Ikupa aliona picha ndogo ya video, migomba na mvua, na pembeni maoni ya watu yakiongezeka huku wanayatazama. *Huyu dada mwenye gauni jeusi ni nani, anajua kulia.* *Directa wa wapi huyu, si wa nchi hii.* Mkono wa Zubery ulikuwa kwenye kipanya. Kidole kilienda mpaka mahali pa kufuta, kikakaa. Ikupa alikitazama kidole kile. Alikuwa amekibusu mara nyingi.

"Wamenipigia kutoka Dar," Zubery alisema bila kugeuka. "Wale wa Prosper. Wanataka nihamie huko, niwe mtu wao. Wanakuja Jumatano. Wakikuta haipo, Ikupa, wanakuja kuona nini?"

"Wanakuja kukuona wewe. Utatengeneza nyingine."

"Kama hii?"

Wote wawili walijua kwamba haitakuwa kama hii.

"Nipe wiki," alisema Zubery. "Waje, tusaini, halafu naitoa. Kesho wazee wanakuja, mambo yanaenda vizuri, mama yako ananipokea. Tukishaoana naitoa. Nakuapia Mungu."

"Tukishaoana."

"Ndiyo. Utakuwa mke wangu, utanisimamia mwenyewe."

Ikupa alimwelewa hapo, na alitamani asingemwelewa. Mpaka dakika ile alikuwa akimhesabu kama mtu aliyekosea kwa kupenda, na kosa la namna hiyo mtu analisamehe, hata kama ni baada ya kununa mwezi mzima. Lakini sasa baba yake alikuwa amewekwa mezani ili posa ipite, kama jagi na blanketi za wajomba. Asali ya kweli ile ile, na chini yake shubiri.

"Hujaniuliza mama anaendeleaje," alisema.

"Nitamwangukia miguuni kesho. Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia nini? Kwamba akivumilia wiki moja tu, mumewe atarudi kaburini?"

"Ikupa."

"Niombe kingine, Zubery, nitakupa. Hiki sina."

Alisubiri. Alimpa muda mrefu kuliko aliostahili, macho yake juu ya kile kidole, akiomba kimoyomoyo kwa Mungu wa kanisani kwao na wa msikitini kwa akina Zubery pia. Simu ya Zubery ililia mezani. Naye, kwa mazoea tu, bila ubaya wowote, alikitoa kidole kwenye kipanya ili aitazame ni nani anapiga.

Ikupa alitoka. Barazani Bi Biubwa alimwita, amwonyeshe kitenge kimoja ambacho kingempendeza mama yake, naye akasema ni kizuri sana, mama, akaenda.

*

Hezron alimpeleka Kisiba kwa pikipiki, safari nzima bila neno, na mlangoni akakataa nauli huku akitazama chini. Alikuwa ameitambua nyumba.

Ndani, Shangazi Tulinagwe alikuwa amekwishafika kutoka Matwebe. Alikaa kwenye kigoda cha mlangoni, dada mkubwa wa marehemu, fimbo magotini. Mama Atuganile alikuwa sakafuni akichambua mchele wa wageni. Hakuinua kichwa.

"Ugonile, shangazi," Ikupa alimsalimu kwa Kinyakyusa, akipiga magoti.

"Usiniamkie," alisema Tulinagwe. "Gwe Ikupa, mimi nimekulea. Nimekubeba mgongoni. Niambie tu, huyo Subeli alikupa nini hata ukampa kaka yangu?"

"Sikumpa, shangazi. Sikujua."

"Jina lako lipo. Mjukuu wangu kanisomea. Kwa Ikupa. Kaka yangu anatolewa shimoni, kwa Ikupa."

"Alinificha. Alitaka iwe zawadi."

"Sawadi." Shangazi alilitamka polepole. "Sisi siku ile tulifanya kazi, mwana. Tulilia mpaka koo likakauka, tukamchezea mpaka miguu ikavimba. Unafikiri ilikuwa ngoma ya kufurahisha macho? Tulikuwa tunamsindikisha. Tukamwambia, nenda, tata, baba wa nyumba, njia ni ile, usiangalie nyuma, sisi tupo. Mtu akishasindikishwa hivyo haitwi tena. Sasa ninyi mmemvuta kwa kamba. Kila mwenye simu anamvuta. Asubuhi Matwebe, mchana Dar es Salaam, anapanda anashuka, anapanda anashuka. Atapumusika saa ngapi?"

Ikupa alitaka kusema kwamba ni picha tu. Alikuwa msomi, alikuwa na cheti. Lakini neno hilo, picha tu, hakuwahi kulisema maishani mwake, na hakuweza kulianza leo.

"Mama," alisema badala yake, "nimetoka kwake. Nimemwomba aitoe."

"Ameitoa?" Mama Atuganile aliuliza, kama anauuliza mchele.

"Hapana."

Tulinagwe alipiga sakafu kwa fimbo mara moja. Mama aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa mlangoni.

"Wazo kalitoa wapi?" aliuliza. "Mimi simjui sana kijana wa watu, lakini mtu haamki tu akawaza kitu kama kile."

Hapo Ikupa angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka na siri, na siri ile ndiyo iliyowafikisha pale. Akawaeleza ile siku ya studio, chai, kamba, jeneza, na mkono wake juu ya mkono wa Zubery. Akawaeleza kwamba yeye ndiye aliyesema rudisha tena.

"Ulipomwona anatoka," mama aliuliza, "ulimwita?"

"Nilimwita."

"Moyoni?"

"Kwa mdomo, mama. Nilisema, tata, njoo."

Mama Atuganile aliusukuma ungo pembeni. Sasa ndipo alipomtazama, na Ikupa aliona uso ule ule wa kwenye video, uso unaosikiliza, ila safari hii ulikuwa unaelekea upande wa pili, upande wa kupasuka.

"Mimi walinikataza," alisema. "Siku ile pale nje, nilifungua mdomo nimwite, shangazi yako huyu akaniziba kwa khanga. Akaniambia, usimwite, atashindwa kwenda. Nikameza. Mwaka mzima nameza jina la mume wangu. Nikilala nameza, nikichota maji nameza. Wewe ulikuwa mjini unamwita mbele ya kijana wa watu, unakunywa chai."

"Mama, nisamehe."

"Ulipoiona leo, kabla hujajua ni sisi. Uliipenda?"

Tulinagwe aligeuka kumtazama. Nje, mvua ya Rungwe ilianza kugonga bati, ikishuka kama mvua zote.

"Niliipenda," alisema Ikupa.

"Na ulipojua?"

Alifikiri kusema hapana. Alifikiri sana. Alijua jibu ambalo mtoto mwema angelitoa, na alijua pia kwamba njia nzima ya Kisiba, nyuma ya Hezron, alipofumba macho aliona yale matone yakiachiwa na migomba.

"Bado niliipenda, mama."

Mama hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona kuwa ni ya kweli.

"Ndiyo maana siwezi kukupa kwake," alisema. "Angekuwa kakosea tu, ningempokea. Wanaume hukosea. Lakini yeye akifanya ubaya mzuri, wewe unauona uzuri kwanza. Siku moja atanifanyia hivyo mimi nikiwa nimelala pale nje, na wewe utalia, halafu utamwuliza mwanga ulitoka wapi. Mpigie mzee wao. Usimpigie kijana, mpigie mzee. Hakutukosea."

"Mama, nampenda."

"Najua. Mpigie."

Ikupa alikwenda kusimama mlangoni, mahali mtandao unaposhika. Mzee Sadalla alipokea mara moja, na sauti yake ilikuwa imejaa.

"Mwanangu Ikupa. Nilikuwa nakuwaza. Gari tumepata, tena zuri, la jirani yetu. Mama yako Biubwa hapa hakamatiki, anapiga pasi hata leso. Mwambie mama tutakuwa hapo mapema, na asihangaike na nyama, sisi tutakuja na mchinjaji wetu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Furaha imenifanya nisahau adabu."

"Mzee, naomba msije kesho."

Upande wa pili cherehani ilisimama. Katika nchi ile kuna jambo moja tu linalowarudisha wageni wa posa, na mzee alilijua kama kila mtu.

"Kuna msiba, mwanangu?"

"Upo, mzee."

"Innalillahi. Nani?"

Ikupa alitazama nje, kwenye migomba, kwenye kile kisimento cha kijivu cha kaburi kilicholowa.

"Baba."

Mzee Sadalla akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu aliyechanganyikiwa: "Mwanangu, Mzee Amoni tulimzika mwaka jana. Nilikuja mwenyewe. Nilirusha udongo kwa mkono huu."

"Mwombe Zubery akuonyeshe, mzee. Nawe umo. Udongo uliourusha unakurudia mkononi."

Alisikia mzee akiita jina la kijana wake, mlango ukifunguliwa, na kwa mbali, ndani ya chumba cha nyuma, ule wimbo ukianza. Hakukata simu. Alisimama pale akisikiliza wimbo mzima, na alijua ni wapi mvua ilipanda, ni wapi mama yake aliinuka. Ulipokwisha, mzee alichukua muda kuirudia simu.

"Hatutakuja," alisema. "Mwambie mama yako anisamehe." Na kwa dakika nzima baada ya hapo, Ikupa aliendelea kuishika simu sikioni, akitumaini kwamba Zubery angemnyang'anya mzee na kubisha, aseme watakuja.